Kanada, Australia, Ujerumani au Uingereza: kila nchi ina swali lake la kwanza

"Nchi gani ni rahisi siku hizi?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa zaidi kwenye saiba ya binamu yangu hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye, ninapokaa Jumamosi kuwasaidia watu kujaza fomu. Wanauliza wauguzi waliotoka zamu ya usiku, walimu, wahasibu, mafundi wa umeme. Wengine huja wakiwa wameshalipa. Kijana wa shangazi yangu aliuza ng'ombe wawili akampa wakala mmoja shilingi 180,000 ili apate barua ya kazi ya Kanada. Barua ilikuja ikiwa na nembo na mhuri, na yote ilikuwa bandia.

Aliumia, nasi tuliumia naye. Kilichoniuma zaidi ni kwamba angekuwa na barua halisi mkononi, bado isingekuwa jibu la swali ambalo Kanada humuuliza mtu kwanza. Kanada huuliza: una alama ngapi ukipangwa na wenzako? Australia huuliza: kazi yako ni ipi, na ni nani ameithibitisha? Ujerumani: cheti chako kinatambuliwa, na Kijerumani unakijua? Uingereza: mwajiri wako ni nani? Anayejiandaa kwa swali la nchi moja kisha akapeleka jibu lake nchi nyingine hupoteza pesa, na wakati mwingine umri.

Nitazipima nchi hizi nne kwa vigezo vilevile: nani anayekuchagua na kwa kipimo gani, lugha, pesa unazotakiwa kuwa nazo, lini unapata makao ya kudumu, na mtu anayefaa huko. Ili mizani iwe moja, nitambeba mtu mmoja nchi zote: mhasibu wa Nakuru, umri miaka 29, hajaoa, ana shahada moja, miaka mitatu ya kazi, na matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS ya 8 katika kusikiliza na 7 katika kusoma, kuandika na kuzungumza.

KANADA

Nani anayekuchagua. Serikali yenyewe, kwa mashindano. Kanada ndiyo iliyoanza kuchagua wahamiaji kwa alama mwaka 1967, ili mtu apimwe kwa elimu, lugha na umri badala ya nchi aliyozaliwa. Tangu Januari 2015 maombi hupitia mfumo wa Express Entry. Unaandika wasifu wako mtandaoni, unapewa alama kati ya 0 na 1,200, unaingia kwenye kapu pamoja na maelfu ya wengine, kisha kila baada ya muda serikali inawaita wenye alama za juu. Kuingia kwenye kapu ni bure na wasifu hudumu miezi 12. Kuitwa ndiyo kazi.

Umri una uzito ambao watu wengi hawautarajii. Mtu asiye na mwenzi hupata alama 110 akiwa kati ya miaka 20 na 29. Akifika 35 amebaki na 77, akifika 40 ana 50, na akitimiza 45 hana kitu. Mhasibu wetu ana 110 za umri, 120 za shahada, 124 za Kiingereza, na 75 zinazotokana na kuunganisha Kiingereza chake kizuri na elimu na uzoefu wake. Jumla 429. Mwaka 2025 raundi za watu waliokwisha kufanya kazi ndani ya Kanada hazikushuka chini ya 510. Kwa hiyo huyu kijana, mwenye shahada na Kiingereza safi, anaweza kukaa kapuni mwaka mzima bila kuitwa.

Hapa ndipo mahali ninapoomba watu wasikilize vizuri. Tangu 2023 Kanada huitisha pia raundi za makundi maalumu: wahudumu wa afya, mafundi, na tangu 2025 walimu. Kundi mojawapo ni la wanaojua Kifaransa. Mwaka 2025 raundi za Kifaransa zilicheza kati ya alama 379 na 481. Mhasibu wetu akijifunza Kifaransa hadi kiwango cha 7 cha kipimo cha Kanada cha lugha hiyo (NCLC) katika stadi zote nne, anaongezewa alama 50 za ziada na 12 za lugha ya pili, anafika 491. Hajabadilisha kazi, hajarudi chuoni, hajamlipa wakala. Ni kazi ya mwaka mmoja na nusu au miwili ya kusoma kwa bidii, lakini ni kazi iliyo mikononi mwake. Njia nyingine kubwa ni kuteuliwa na mkoa: hiyo peke yake ina alama 600.

Na ile barua ya kazi? Tangu tarehe 25 Machi 2025 ofa ya kazi haiongezi alama hata moja kwenye mpangilio huo. Bado ina nafasi yake katika baadhi ya programu za mikoa, ila anayekuuzia barua "ili upande alama" anakuuzia hewa.

Lugha. IELTS ya aina ya General. Ile ya Academic haikubaliki. Nimeona watu wawili waliofanya isiyofaa na ikabidi walipe tena. Matokeo hudumu miaka miwili.

Pesa. Vyeti vyako lazima vifanyiwe tathmini na taasisi inayotambuliwa, na chuo chako kitume transkripti chenyewe, kwa hiyo anza kumfuata msajili mapema. Kisha uonyeshe akiba ya zaidi ya dola 15,000 za Kanada ukiwa peke yako, takriban shilingi milioni 1.4, na zaidi ukiwa na familia. Kiwango hicho husahihishwa kila mwaka. Ziwe zako kweli: mkopo wa SACCO hauhesabiwi, na thamani ya shamba la Njoro ambalo hujaliuza haihesabiwi.

Makao ya kudumu. Unashuka ndege ukiwa mkaazi wa kudumu, pamoja na mwenzi na watoto walio chini ya miaka 22. Baadaye lazima uwe umeishi huko angalau siku 730 katika kila miaka mitano. Uraia unaombwa baada ya siku 1,095.

Anayefaa. Kijana chini ya miaka 35 mwenye masomo, mwenye subira na akiba, asiye na mtu wa kumwajiri huko. Muuguzi ajue jambo moja zaidi: uhamiaji ni mlango mmoja na leseni ni mlango mwingine. Ukiwa na makao ya kudumu bado utahitaji kusajiliwa na chombo cha mkoa, pamoja na mtihani wa NCLEX sehemu nyingi.

AUSTRALIA

Nani anayekuchagua. Serikali pia, kwa alama, lakini kabla ya serikali kuna chama cha kazi yako. Kila kazi iliyo kwenye orodha ina chombo chake: wauguzi ANMAC, walimu AITSL, wahandisi Engineers Australia, watu wa kompyuta ACS. Wahasibu wana vyombo vitatu vya kuchagua. Bila karatasi yao huanzi. Hii ndiyo tofauti kubwa na Kanada, na kwangu ina uungwana wake: unajua mapema kama kazi yako inakubalika, kabla hujalipa ada kubwa ya viza.

Alama za chini ni 65, lakini 65 ni tiketi ya kuingia foleni tu. Mhasibu wetu ana 30 za umri (miaka 25 hadi 32 ndiyo bora), 15 za shahada, 5 za uzoefu, 10 za Kiingereza cha 7, na 10 kwa kuwa hana mwenzi. Ana 70. Akipandisha kila stadi hadi 8, Kiingereza kinampa 20 na anafika 80. Wahasibu ni wengi foleni, kwa hiyo kwake tofauti hiyo ya alama 10 ina maana kuliko cheti kingine chochote atakachoongeza. Jimbo likimteua kwa viza ya 190 anapata 5 zaidi. Akikubali kuishi nje ya miji mikubwa kabisa kwa viza ya 491 anapata 15.

Lugha. IELTS ya General au Academic kwa viza, lakini chama cha kazi kinaweza kudai zaidi. Walimu hushtuka hapa: AITSL hutaka Academic, 7 katika kusoma na kuandika, na 8 katika kusikiliza na kuzungumza.

Pesa. Ada ya viza peke yake ni zaidi ya dola 4,500 za Australia, na ada ya chama iko kando yake. Kwa viza hizi za alama hudaiwi akiba ya benki kama Kanada inavyodai.

Makao ya kudumu. Viza ya 189, isiyohitaji kuteuliwa na jimbo, na ile ya 190 ni za kudumu tangu siku ya kwanza. Ya 491 ni ya miaka mitano. Baada ya miaka mitatu ya kuishi na kufanya kazi eneo husika unaomba ya kudumu. Mlango hufungwa ukitimiza miaka 45 kabla ya kualikwa.

Anayefaa. Mwenye taaluma yenye jina wazi na nyaraka za kazi zilizopangwa: barua za waajiri, hati za mshahara, maelezo ya majukumu. Aliyelelewa Kitale au Bomet na asiyeogopa mji mdogo wa mashambani ana faida ambayo wengi huidharau.

UJERUMANI

Nani anayekuchagua. Mwajiri, akisaidiwa na ofisi inayolinganisha cheti chako na cha kwao. Tangu Juni 2024 kuna mlango wa kwenda kumtafuta mwajiri huyo ukiwa hukohuko: Kadi ya Fursa, ambayo wenyewe huiita Chancenkarte. Ili uombe unahitaji shahada au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya nchi yako, pamoja na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2 (ngazi za lugha za Ulaya hupanda kutoka A1, A2, B1, B2 hadi C1 na C2). Kisha zinatakiwa alama 6.

Tumpime mhasibu. Umri chini ya 35, alama 2. Uzoefu wa miaka miwili kati ya mitano iliyopita, 2. Kiingereza cha C1, 1. Ana 5. Amepungukiwa alama moja, na Kijerumani cha A2 kinampa hiyo moja. Akifika B1 atapata 2, akifika B2 atapata 3. Hapa hashindanishwi na mtu: mwenye 6 anakidhi, na mwenye 9 hamsukumi nje.

Ila kadi hiyo ni ruhusa ya kutafuta, si kazi. Hudumu hadi mwaka mmoja, na ndani yake unaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Mhasibu asiyejua Kijerumani atapata kadi lakini kazi ya uhasibu ataitafuta kwa taabu, maana vitabu vya kodi vya huko haviandikwi kwa Kiingereza.

Wengi hapa walisikia kuhusu nafasi 250,000 za kazi baada ya Rais Ruto na Kansela Scholz kushuhudia makubaliano ya Kenya na Ujerumani mjini Berlin mnamo Septemba 2024. Serikali ya Ujerumani ilikanusha idadi hiyo. Makubaliano ni ya kweli na yanarahisisha mambo, lakini hayana kiti kilichowekwa jina la mtu. Anayekwambia anagawa viti hivyo, mwache.

Lugha. Kijerumani, tena mapema. Muuguzi kwa kawaida huhitaji B2 ili atambuliwe kikamilifu. Taasisi ya Goethe iko Nairobi. Ukitoka magharibi, hesabu nauli na malazi ya siku za mtihani.

Pesa. Kwa kadi, onyesha akiba ya kujikimu. Mwaka 2025 ilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, yaani zaidi ya euro 13,000 kwa mwaka katika akaunti iliyofungwa. Ni karibu shilingi milioni 2, ingawa pesa hizo ni zako na utazitumia mwenyewe. Mwenye mkataba wa kazi tayari hahitaji akaunti hiyo, na kwa mtu wa kipato cha kawaida hilo hubadilisha hesabu yote.

Makao ya kudumu. Hayaji siku ya kwanza. Mfanyakazi mwenye ujuzi anaweza kuyaomba baada ya miaka mitatu akiwa na B1. Mwenye Kadi ya Buluu ya Ulaya, ambayo hudai mshahara mkubwa zaidi, baada ya miezi 27, au 21 akiwa na B1. Uraia ni baada ya miaka mitano, na tangu Juni 2024 Ujerumani haikulazimishi kuukana uraia wa Kenya. Katiba yetu ya 2010 nayo inaruhusu uraia pacha.

Anayefaa. Fundi mwenye diploma, muuguzi aliye tayari kusoma lugha kabla ya kusafiri, na kijana wa Kidato cha Nne anayeweza kuanza mafunzo ya kazi yenye malipo, yale wanayoyaita Ausbildung. Fundi aliyejifunzia jua kali bila chuo, hata awe hodari namna gani, atakwama kwenye cheti. Inasikitisha, na ni heri ajue sasa kuliko baada ya kulipia masomo.

UINGEREZA

Nani anayekuchagua. Mwajiri peke yake. Wanasema ni alama 70, lakini huwezi kuzifikisha bila ofa kutoka kwa mwajiri mwenye leseni ya kudhamini. Alama za mhasibu wetu hapa hazina maana mpaka mtu amwajiri. Tangu tarehe 22 Julai 2025 kazi lazima iwe ya kiwango cha shahada, isipokuwa chache zilizotajwa, na mshahara wa kawaida uanzie pauni 41,700 kwa mwaka. Siku hiyohiyo mlango wa kuajiri wahudumu wa kutunza wazee na wagonjwa kutoka ng'ambo ulifungwa. Nalisema kwa uzito kwa sababu bado kuna wanaochangisha harambee kwa ajili ya kazi hiyo.

Lugha. B2 kwa waombaji wapya tangu Januari 2026. Wauguzi wana kiwango cha baraza lao: IELTS ya 7, na 6.5 katika kuandika, au OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya.

Pesa. Ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, ingawa wenye viza ya afya wamesamehewa. Cheti cha udhamini hulipiwa na mwajiri. Anayekuuzia cheti hicho ni tapeli. Orodha ya waajiri wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao, na kuisoma ni bure.

Makao ya kudumu. Yamekuwa baada ya miaka mitano, lakini mwezi Mei 2025 serikali ilitangaza nia ya kuyasogeza hadi miaka 10 kwa wengi. Usipange maisha yako juu ya mitano.

Anayefaa. Muuguzi aliyesajiliwa, ambaye mshahara wake hufuata viwango vya afya na si ile 41,700, na mtaalamu aliyekwisha kupata mwajiri. Kenya na Uingereza zina makubaliano ya wahudumu wa afya tangu Julai 2021. Nje yake waajiri hawatakiwi kuja kuwasaka wauguzi wetu, lakini muuguzi mwenyewe anaweza kuomba moja kwa moja.

UKIWA HAPA, ANZIA HAPA

Muuguzi ana milango mingi kuliko mtu yeyote, kwa hiyo ajiulize anachokosa. Akikosa akiba, aangalie Uingereza au Ujerumani, ambako mwajiri hubeba sehemu ya mzigo. Akitaka kuhama na mume na watoto kwa pamoja na kwa kudumu, Kanada au Australia zifae kwanza.

Mwalimu mwenye shahada ya ualimu ya miaka minne aliyefanya mazoezi ya ufundishaji ya siku 45 au zaidi yaliyosimamiwa anaweza kuwasogelea AITSL, mradi Kiingereza kifike. Kisipofika 8 katika kuzungumza baada ya jaribio la pili, kundi la walimu la Kanada lina masharti mepesi zaidi ya lugha. Mwenye cheti cha P1 peke yake ajue njia zote mbili zitakuwa nyembamba mpaka aongeze masomo.

Mhasibu, afisa wa rasilimali watu, na wengine ambao kazi zao hazimo kwenye makundi maalumu: lugha ndiyo mtaji wenu. Kifaransa kama moyo uko Kanada, Kijerumani kama ni Ujerumani, IELTS ya 8 kama ni Australia. Chagua moja. Nimeona watu wakisoma mbili kwa wakati mmoja na kuziacha zote.

Umri umepita 40? Kanada itakuwa ngumu bila mkoa kukuteua. Australia bado iko wazi kwa muda mfupi. Kadi ya Fursa haikuzuii ila haikupi alama ya umri baada ya 40. Uingereza haiulizi umri.

Mwenye familia asiyetaka kuiacha nyuma asianze na Kadi ya Fursa, kwa sababu mwaka ule wa kutafuta kazi utauishi peke yako.

Na ambaye jina lake kwenye KCSE, kitambulisho na pasipoti halilingani, jambo la kawaida sana kwetu ambako mtoto huitwa jina moja nyumbani na lingine shuleni, ashughulikie hilo kabla ya nchi yoyote. Tathmini ya vyeti husimama hapo.

Kijana wa shangazi yangu ana miaka 31, diploma ya umeme ya miaka mitatu, na miaka mitano ya kazi. Tulikaa naye tukahesabu upya. Ujerumani: umri 2, uzoefu 3, jumla 5. Alibakiza A2. Sasa anasoma jioni akitoka kazini Kondele, daftari moja la maneno na simu yenye masomo ya kusikiliza. Akiba yake haijafika nusu ya inayotakiwa, kwa hiyo wakati anasubiri anatuma maombi kwa waajiri wa huko mwenyewe, barua tatu kila wiki, ili akipata mkataba aruke ile akaunti iliyofungwa. Juzi mmoja alimjibu akamuuliza anaweza kuzungumza kwa simu lini.